Shati Jekundu la Babu Geuza

Kila Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado halijapanda juu ya mapaa, Chiriku alikuwa nje akipepea pasi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Bibi yake alipiga pasi nguo za watu, na pasi yenyewe ilikuwa ile ya mkaa, nzito, yenye jogoo mdogo wa chuma kwenye kifuniko. Chiriku aliipepea mpaka makaa yakaiva mekundu, kisha akaibeba ndani kwa mikono miwili, mdomo wake ukienda wakati wote. Alimsimulia bibi ndoto zake, akamsimulia ugomvi wa majirani, akamsimulia hata mambo ambayo bibi mwenyewe alikuwepo yakitokea.

"Wewe mtoto," bibi alisema huku akinyunyizia maji kola ya shati, "siku ukinyamaza, masikio yangu yatadhani nimekufa."

Ndiyo maana alimwita Chiriku, na mtaa mzima ukafuata. Hata mwalimu darasani alikuwa amelisahau jina lake la daftari la mahudhurio.

"Kitendawili!" bibi akasema.

"Tega!"

"Nimemeza moto, natembea juu ya shati la tajiri, wala hanifukuzi."

"Pasi! Aa, bibi, hicho ni cha watoto wa chekechea."

"Haya, mkubwa, peleka nguo za watu. Na usisimame kila mlango kutoa taarifa ya habari."

Chiriku akabeba nguo zilizokunjwa, akazigawa nyumba kwa nyumba, na alipomaliza akakata njia kuelekea stesheni.

Treni ilikuwa haijapita pale tangu kabla Chiriku hajazaliwa. Reli zilikuwa zimezama majanini, na mahali pengine hazikuwepo tena, kwa kuwa watu walizing'oa wakaziuza kama chuma chakavu. Jengo lilibaki na chumba kimoja tu chenye paa, kile ambamo abiria walikaa kungojea, na hata paa hilo mvua ililipita kama haipo. Humo ndimo kilimokutana Chama cha Kumbukumbu za Reli.

Zamani wanachama walijaa mpaka wengine wakasimama mlangoni. Sasa walitosha kwenye mabenchi mawili, na benchi la pili lilikuwa na nafasi. Kila mwaka walifanya Siku ya Reli. Walifyeka majani, wakapaka chokaa ukingo wa jukwaa, wakasoma kwa sauti majina ya wafanyakazi wa reli waliofariki. Kila mwaka majina yaliongezeka na wasomaji wakapungua.

Mwenyekiti wao alikuwa mama mnene mwenye miwani, ambaye katika miaka ya mwisho ya reli alikata tiketi kwenye dirisha dogo ambalo sasa lilikaliwa na njiwa. Watu walimwita Mama Tiketi. Katibu wake alikuwa Seremala. Seremala hakuwahi kufanya kazi reli hata siku moja. Alipenda treni tu, na alipenda masihara.

Chama kilikuwa na desturi yake moja, nayo waliishika kama watu wanavyoshika kiapo. Ukimsikiliza mzee akikupa kumbukumbu yake, huileti chamani moja kwa moja. Unaipanga vizuri, unamrudia mwenyewe, unamsimulia yeye kwanza. Akisema, "Ni yangu," ndipo unapoileta. Akitikisa kichwa, unaanza upya. Wenyewe waliiita kurudisha.

Siku hiyo Mama Tiketi alisimama mbele ya mabenchi bila tabasamu lake.

"Wenzangu, nimetoka kwa afisa wa ardhi. Nawaambia kama nilivyoambiwa. Kiwanja hiki kinatakiwa kiwe maegesho ya malori. Jengo litavunjwa."

Njiwa mmoja alijipapatua dirishani.

"Njia imebaki moja," Mama Tiketi akaendelea. "Afisa amesema jengo litaachwa kama tutamwonyesha kwamba hapa palitokea jambo kubwa. Si kukata tiketi, si kupakia magunia. Jambo kubwa la kuwekewa ubao."

Seremala akakuna kidevu. "Mimi niliwahi kukosa treni mara mbili siku moja hapahapa. Hilo nalo dogo?"

Watu wakacheka, lakini kile kicheko cha kwenye msiba, kinachoisha kabla hakijaanza.

Mama Tiketi akawageukia watoto. Walikuwa wawili tu waliobaki, Chiriku na mwenzake wa darasani aliyeitwa Kifutio kwa sababu alitafuna vifutio vya penseli mpaka vikaisha. "Wanangu, nyinyi masikio yenu bado mapya. Kifutio, utakwenda kwa yule bibi aliyekuwa akisafisha mabehewa. Chiriku, wewe nenda kwa Babu Geuza. Kati ya wote walio hai, yeye peke yake ndiye aliyefanya kazi hapa enzi za treni za mizigo. Sisi wengine tulikuja baadaye. Kama kuna jambo kubwa, analo yeye."

Babu Geuza alikaa chumba kimoja kwenye nyumba za wafanyakazi, nyuma ya stesheni. Kazi yake ya zamani ilikuwa kuvuta mkono mrefu wa chuma uliogeuza njia, ili treni iingie reli hii au ile. Siku hizi alishona viti vya plastiki vilivyopasuka. Alipasha msumari moto, akatoboa matundu pande mbili za ufa, akapitisha waya na kuukaza kwa koleo. Kiti kilichotoka mikononi mwake kilikuwa na kovu, lakini kilikalika.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa hicho, hicho kimepona."

Chiriku akakaa. "Babu, nimetumwa na chama. Kazi yako ilikuwaje?"

"Unavuta. Unasikiliza kama imeingia. Unafunga."

"Halafu?"

"Halafu unangoja nyingine."

Chiriku akarudi tena siku nyingine, na nyingine. Babu alimweleza jinsi walivyochemsha chai kwenye kopo la rangi lililosuguliwa kwa mchanga, na jinsi chuma kilivyouma viganja asubuhi za baridi. Basi. Kila alipomaliza sentensi alifunga mdomo kana kwamba naye alikuwa na kufuli lake. Chiriku alihisi anakaangwa. Kumngoja mtu aseme, kwake yeye, kulikuwa sawa na kuzama majini akiwa amebana pumzi.

Siku ya mwisho akauliza, "Babu, siku gani ambayo hutaisahau?"

Waya ukasimama ndani ya tundu. Babu Geuza akaangalia viganja vyake, kimoja, halafu cha pili.

"Ile ya mvua," akasema.

"Ilikuwaje?"

Nje mama mmoja alikuwa anaanua nguo, kuku wakipigania ganda. Kisha babu akavuta kiti kingine kilichopasuka, akakiweka mapajani.

"Ilikuwa ya mvua," akasema.

Jumamosi iliyofuata walikutana chamani. Kifutio alisimama kwanza. Akasimulia kwamba yule bibi msafisha mabehewa aliwahi kumkuta mbuzi amelala kwenye kiti cha daraja la kwanza, na tiketi halali imefungwa shingoni. Alikuwa ameshairudisha kwa mwenyewe, na mwenyewe alicheka mpaka akakohoa, akasema ni yake. Chumba kizima kilipiga makofi.

"Nzuri sana," alisema Seremala akifuta machozi ya kucheka. "Ila kwa mbuzi, hata akiwa na tiketi, yule afisa hatatuwekea ubao."

Nyuso zikasinyaa tena. Kifutio akarudi kukaa, akamnong'oneza Chiriku: "Zamu yako, midomo. Au leo umekauka?"

Chiriku akasimama. Alichokuwa nacho ni kuvuta, kusikiliza, kufunga, kopo la chai, na mvua. Akawatazama. Mama Tiketi alikuwa ameshika miwani yake mkononi, macho yake yamechoka. Mzee mmoja kwenye benchi la pili alikuwa ameshaanza kusinzia.

"Ilikuwa siku ya mvua," Chiriku akaanza.

Na mdomo ukaondoka. Mti mkubwa ukaanguka relini. Treni ikawa inakuja, imejaa wanafunzi wanaorudi kwao kwa likizo, wanaimba. Babu Geuza akauona mti. Akavua shati lake jekundu, akakimbia katikati ya reli, akaelekea treni inakotoka, akilipunga shati kichwani, matope yakimfika magotini. Dereva akaliona. Magurudumu yakalia, cheche zikaruka, na treni ikasimama ikimgusa kifua kama ng'ombe anavyomgusa mchungaji. Wanafunzi wote wakapona.

Alipomaliza, mvua aliyoileta mwenyewe ilikuwa imemlowesha jasho. Yule mzee aliyesinzia alikuwa amekaa wima. Mama Tiketi alikuwa analia waziwazi.

"Umeirudisha kwa mwenyewe?" akauliza, akivaa miwani juu ya machozi.

Hapo ndipo Chiriku angeweza kukaa chini na kusema ametania. Mlango ulikuwa bado wazi.

"Nimeirudisha," akasema.

"Akasemaje?"

"Akasema, 'Ni yangu.'"

Basi habari ikapata miguu. Mama Tiketi aliipeleka kwa afisa wa ardhi siku ya kazi ya kwanza, na afisa, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliweka kalamu chini na kusema kumbe. Akaahidi kuja mwenyewe Siku ya Reli kuona ubao ukisimikwa, na baada ya hapo jengo litaachwa. Seremala akaranda mbao nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, akachora mtu mwembamba mwenye shati jekundu lililopeperuka kama bendera. Wanachama waliokuwa wameacha kuja wakaanza kuchungulia mlangoni.

Mtaani, watoto walimfuata Babu Geuza wakipunga vitambaa na kupiga makofi. "Babu Shati! Babu Shati!" Mwenye duka alimfungia sukari asitake malipo. Babu aliirudisha ile sukari juu ya kaunta bila neno, akatoka. Kesho yake hakutoka kabisa. Viti vilivyopasuka vilirundikana nje ya mlango wake, na wenyewe waligonga wakachoka.

Chiriku alipita pale mara kwa mara akijifanya ana safari. Siku moja mlango ulikuwa wazi nusu.

"Chiriku," sauti ilimwita kutoka gizani.

"Abee, babu. Shikamoo."

Hakuitikia salamu. "Mimi nilikuwa na shati jekundu?"

Chiriku akatazama vidole vyake vya miguu. "Sijui, babu. Watu... unajua watu wanavyotia chumvi."

"Watu," babu akarudia. "Mimi nilikusemesha wewe tu."

Mlango ukafungwa polepole, bila kishindo, na hilo lilikuwa baya kuliko kishindo.

Kuanzia siku hiyo Chiriku alinyamaza. Alipepea pasi kimya, akabeba nguo kimya, na walimu wakadhani ana homa. Alijaribu kuhesabia faida: jengo litabaki, Mama Tiketi anacheka tena, chama kimefufuka. Kila alipofika mwisho wa hesabu aliuona mlango ule ukifungwa.

Kukiwa kumebaki kidogo tu Siku ya Reli ifike, bibi alikuwa anawasha mkaa uani. Ulikuwa umepata unyevu, ukawa unafuka badala ya kuwaka. Bibi akasogea huku akipangusa macho kwa upande wa kanga.

"Kitendawili!" akasema.

"Tega," Chiriku akajibu, kwa sauti ya chini.

"Nimemzaa mwenyewe, nimemlisha mwenyewe, sasa ananitoa nje nalia."

"Uongo," Chiriku akasema.

Bibi akageuka. Akamtazama mjukuu wake kwa makini, upepeo wa mkaa ukiwa umesimama hewani.

"Mimi nilikuwa na moshi hapa," akasema. "Wewe huo uongo umeutoa wapi?"

Chiriku akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake maneno hayakutaka kutoka. Yalipotoka yalikuja na kilio, yamechanganyika, treni kabla ya mvua, kurudisha kabla ya shati. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Hakumpiga. Hakusema pole pia. Aliimwagia maji mikono yake, akaifuta.

"Vaa viatu," akasema.

"Tunaenda wapi?"

"Unakokujua."

Walibisha hodi kwa Babu Geuza kwa muda mrefu. Alipofungua, bibi alimsalimu, akakaa kwenye kizingiti, akaangalia upande mwingine. Kazi haikuwa yake.

"Babu," Chiriku akasema, "ni mimi. Shati ni langu, mti ni wangu, wanafunzi ni wangu. Nilisema umeniambia, na nilisema nimekurudishia ukakubali. Nilidanganya yote. Nisamehe, babu."

Babu Geuza akakaa kitandani. Kwa muda ilionekana hatajibu, na safari hii Chiriku hakuujaza ukimya ule. Akasimama tu.

"Siku ile ya mvua," babu akasema mwishowe, "nilikuwa na mwenzangu. Tulimwita Kicheko. Yeye aliunganisha mabehewa, mimi nilivuta mkono. Mabehewa ya mizigo yakaachia huko juu, yakaanza kuteremka yenyewe. Kicheko alikuwa ameinama relini, hana habari. Nikavuta ili niyageuzie njia ya pembeni. Mkono ukagoma. Maji yalikuwa yamesukuma mawe yakaingia kwenye kiungo. Nikavuta mpaka ngozi ya viganja ikabaki kwenye chuma. Nikapiga kelele. Mvua ile juu ya mabati, mjukuu wangu... Hata mimi mwenyewe sikujisikia."

Akafumbua mikono. Makovu yalikuwa pale, yamepita katikati ya kila kiganja, na Chiriku alikuwa ameyaona siku zote akayadhania ni mistari ya uzee.

"Sikumwokoa mtu. Na sasa watoto wananipigia makofi barabarani kwa kuokoa watu. Unajua inavyokuwa? Kila kofi nasikia mvua."

Bibi, pale kizingitini, alijifunika uso na kanga.

Kutoka hapo Chiriku na bibi wakaenda stesheni. Mama Tiketi alikuwa anapaka chokaa ukingo wa jukwaa, kilemba chake kimejaa matone meupe, na Seremala alikuwa amepiga magoti akimalizia vifungo vya shati kwenye ubao. Chiriku akasema yote tena. Mara ya pili haikuwa rahisi kuliko ya kwanza.

Brashi ya Mama Tiketi ikaanguka kwenye ndoo. "Kicheko," akasema. "Jina hilo tunalisoma kila mwaka. Sikuwahi kujua alikufaje."

Seremala akasimama, akapangusa magoti. Hakuwa na masihara. "Afisa anakuja. Ubao umebakiza vifungo tu. Kwani lazima tuseme? Tungengoja atie saini, jengo lipone, halafu mambo mengine tuyazungumze wenyewe kwa wenyewe. Hakuna aliyeumia."

"Mwenyewe ameumia," bibi akasema.

Mama Tiketi akakaa kwenye ukingo wa jukwaa, miguu ikining'inia juu ya majani mahali treni zilipokuwa zikisimama. Alitazama ule ubao mzuri. Chiriku aliona jinsi alivyoutaka. Aliutaka kama mtu mwenye kiu anavyoutazama mtungi wa mwenzake.

"Miaka yote hii," akasema polepole, "tumewafundisha watoto kurudisha. Nikipokea hili, nitamfundisha nani tena?" Akavua miwani, akaipangusa. "Seremala, geuza ubao ukutani. Chiriku, kesho utamwambia afisa kwa mdomo wako uleule. Mimi nitasimama karibu yako, lakini sitasema badala yako."

Afisa wa ardhi aliwasikiliza ofisini kwake, feni ikizungusha joto. Chiriku alisema habari ya shati, kisha akasema ya Kicheko.

"Ahsante kwa kuja," afisa akasema. "Wengi wasingekuja. Lakini nisiwafiche. Mtu kufia kazini, kwa reli, kulitokea kila stesheni. Mimi hapa nimeguswa. Huko juu hawataguswa. Jengo litaondoka."

"Hakuna namna nyingine?" Mama Tiketi akauliza, ingawa alishainuka.

"Hakuna, mama. Naweza tu kuwasogezea, mfanye siku yenu kwanza, mashine zije kesho yake."

Siku ya Reli ilikuja na mawingu. Wale waliokuwa wameanza kuchungulia mlangoni hawakuonekana tena. Wengine walisema wameaibishwa, wengine waliwalaumu Mama Tiketi na kile kitoto chake. Kifutio alikuja, akakaa mbali na Chiriku kwanza, kisha akasogea, akasogea tena. "Umenikera sana," akasema. "Sogea nikae." Mabenchi yalikuwa yametolewa nje kwa sababu ndani mafundi walishang'oa mabati. Benchi la pili halikuhitajika.

Babu Geuza alifika wakati wa kusoma majina. Hakuna aliyempigia makofi. Seremala alimpisha nafasi, akamwinamia akasema, "Nisamehe, mzee wangu. Nilikuvika shati bila kukupima." Babu akaguna, na mguno ule ulikaribia kuwa kicheko.

Walipofika kwenye jina la Kicheko, Mama Tiketi akanyamaza, akamtazama Chiriku. Chiriku akasimama. Alikuwa amekwenda kwa babu kila jioni ya juma lile kuirudisha. Mara ya kwanza babu alitikisa kichwa, kwa sababu Chiriku aliweka radi na radi haikuwepo. Mara ya pili alitikisa tena, kwa kuwa alisema Kicheko alikuwa shujaa. "Alikuwa mtu wa kuimba vibaya," babu alisema. "Weka hilo." Sasa akasimulia kama ilivyobaki, fupi, haina mapambo. Mtu aliyeunganisha mabehewa, aliyeimba vibaya, aliyekunywa chai ya kopo. Mabehewa, mvua, mkono uliogoma. Mwenzake aliyevuta mpaka ngozi ikabaki kwenye chuma.

Alipomaliza, Babu Geuza alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema, kwa sauti iliyosikika kwa wote, "Hiyo ni yangu." Wakaendelea na jina lililofuata.

Kesho yake mashine zilikuja asubuhi. Chiriku na bibi walikuwa njiani kupeleka nguo, kapu kubwa katikati yao, na iliwabidi wapite pale. Ukuta wa dirisha la tiketi ulianguka wa kwanza. Njiwa waliruka, wakazunguka, wakatafuta pa kutua. Vumbi lilipanda mpaka bibi akafunika nguo za watu kwa kanga yake.

Chiriku hakuondoa macho. "Bibi," akasema, "kama ningenyamaza, stesheni ingebaki?"

Mtu mwingine angemwambia hapana, angemwambia ingevunjwa vyovyote vile, asijisumbue. Bibi alilitua kapu chini.

"Ingebaki, mjukuu wangu," akasema. "Sitakufariji kwa uongo baada ya haya yote. Ingebaki, na watu wangepita wakasoma ubao. Na mwenye siku ile angejifungia ndani mpaka afe. Tungeliokoa jengo la watu wa reli, tukamfukuza mtu wa reli."

Chiriku alilia kimya kimya.

"Sikiliza sasa, kwa sababu siku nyingine sitakuwepo kukwambia," bibi akaendelea. "Jambo la mtu likiwa dogo, liache dogo. Likiwa la uchungu, liache na uchungu wake. Ukilikuza ili lipendeze, umemnyang'anya, hata kama ulitaka kumsaidia. Na ukishadanganya, kusema kweli kutakugharimu, na pengine gharama yenyewe itawaangukia wengine nao wakuchukie. Sema hivyohivyo. Tena sema mapema, maana ungesema pale pale uliposimama, Mama Tiketi asingepoteza tumaini mara mbili."

Ukuta mwingine ukaenda chini. Mama Tiketi alikuwa amesimama ng'ambo ya kiwanja, peke yake, mkoba umening'inia begani. Hakuwaona.

"Nimsalimie?" Chiriku akauliza.

"Kasimame naye tu," bibi akasema. "Leo usiseme neno. Kapu nitalivuta mwenyewe."